Gari la Mwajuma Ndani ya Karavati

Katubuka, Kigoma
Jumatatu, katikati ya masika
Mwaka wa ishirini na tisa tangu nivuke ziwa

Mdogo wangu Feza,

Nianze na wewe kabla ya habari zangu. Goti linakuruhusu kusujudu, au bado unasali kwenye kiti? Kama ni mwanao Lubunga anayekusomea barua hii, asome taratibu, na asiruke mahali ninapokiri kosa. Mimi ni mzima, ila kifua kimeshikwa na unyevu.

Ulinitumia ujumbe kwamba Lubunga atakuja na boti Ijumaa hii kunirudisha Kalemie, kwa kuwa umesikia maji yameingia nyumbani kwangu. Ulisikia kweli.

Karavati lililo chini ya barabara yetu liliziba. Ni bomba la zege ambalo mtu hapiti, na katikati limepinda, hivyo hata mti mrefu haufiki. Jumatano maji yalifika kizingitini kwangu. Alhamisi asubuhi yalikuwa nusu ya mlango wa jirani yangu Bi Tausi, aliyepooza miguu, tukambeba hadi baraza ya msikiti. Nyumba zetu ni za tofali mbichi, Feza. Tofali mbichi ikinywa maji siku mbili hairudi kuwa tofali. Mtambo wa kuzibua ulikuwa kazini upande mwingine wa mji.

Mwajuma ni mjane wa mtaani kwetu. Ana gari la kuchezea la rimoti, lenye matairi makubwa kuliko bodi yake, ambalo hulikodisha kwa watoto ufukweni siku za Jumapili na sikukuu. Ndilo linalomlisha. Nilimwomba alitoe lipeleke kulabu ndani ya bomba, kulabu ile ya wavuvi ya kutafutia wavu uliozama. Likaikite kwenye takataka, nasi tuvute kamba kutoka nje.

“Mzee Amisi, likifia humo nitakula nini? Kulabu?”

“Utakula kwangu.”

“Kwako wapi? Kwako samaki wanaogelea chini ya kitanda.”

Watu walicheka. Alilileta hata hivyo.

Shida ni kwamba gari lile ni refu kwenda juu na jembamba. Kwenye sakafu ya mviringo, na kulabu mgongoni, likalala ubavu kabla halijaenda mbali. Ilibidi magurudumu yatanuliwe yasimame mbali zaidi na bodi, kwa kuweka spesa, yaani kipande cha duara kinachokaa kwenye ekseli nyuma ya ringi. Hapo nikafanya kosa la mtu wa ziwani. Nilichukua boya la jarife, ule wavu mkubwa, nikalikata vipande vinne. Sisi tunaliamini boya: halinywi maji, halimtupi mtu. Nikasahau kwamba likibanwa linabonyea, na nati inalegea. Nati ilikaza vizuri, gari likaingia, likapotea kwenye kona, kisha tukasikia mota ikilia bure. Tulipolivuta kwa kamba lilirudi na magurudumu matatu. La nne likaja peke yake, likielea.

“Mkongo,” akasema Mzee Ntahondi, Mha jirani yangu, “hata umpe gari atalifanya mtumbwi.”

Nilitaka kumjibu, lakini kikasikika kishindo. Jiko la Bi Tausi lilikuwa limeanguka.

Sasa lile kosa. Palihitajika kitu kigumu, chenye tundu la kupita ekseli, nami nilikuwa nacho. Redio ya Baba, niliyovuka nayo nimeifunga katika kitenge cha Mama, ile uliyoagiza nirudi nayo, ilikuwa na vizungushio vinne vya alumini. Nilivichomoa. Unene wake ni milimita kumi na mbili. Tundu lilikuwa dogo kwa nusu milimita, nikalipanua. Kila kimoja nikakipiga tupa hadi kikawa na pembe sita za kuingia kwenye ringi, nikachonga mfereji wa pini inayokizuia kisizunguke bure kwenye ekseli. Nati ilishika nyuzi tatu tu za mwisho za ekseli. Siku nyingine nisingekubali chini ya tano. Ntahondi alinishikia ekseli.

Gari likaingia tena. Mwajuma alipiga magoti mdomoni mwa bomba na rimoti yake. Mimi niliachia kamba, nikihesabu pima zinazopita mkononi. Halikuanguka. Kwenye kona lilipanda ukuta, likashuka kwa magurudumu yote manne. Kamba ikasimama.

“Nimegonga kitu,” Mwajuma akasema.

“Rudi nyuma kidogo, ugonge tena.”

Aligonga mara tatu. Tukavuta, mtaa mzima, na kamba haikusogea. Kisha ikaachia ghafla, tukaanguka chali. Ulitoka wavu mkuukuu umejaa majani na vipande vya godoro, gari limenaswa katikati yake, na nyuma yake maji. Ntahondi alimnyakua Mwajuma kwa gauni kabla hayajamchukua.

Vyumba vya Bi Tausi vimesimama. Ukuta wangu una ufa, lakini umesimama. Bodi ya gari imepasuka, magurudumu hayajalegea. Nilimwambia Mwajuma nitamkerezea spesa nyingine ili vizungushio virudi kwenye redio, akalikumbatia gari lake.

“Hivyo huvigusi, mzee. Sasa halipinduki.”

Kwa hiyo redio ya Baba ina vijiti vinne vitupu, nami navizungusha kwa koleo. Nikaripie kwanza, kisha unisamehe.

Jana Ntahondi alipita na karatasi ya zamu za kusafisha mtaro. Mimi ameniandika Jumanne, kila Jumanne. Nikamwambia kwamba mpwa wangu anakuja kunichukua.

“Basi nikufute?”

Alikuwa ameshika kalamu, na hakuwa anatania. Niliiangalia karatasi ile, mdogo wangu.

“Acha,” nikasema.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mwenzako wa jikoni, yule wifi yako mjane. Mwambie shangazi aliyebaki kwamba dua zake zinafika. Lubunga akitaka kuvuka, avuke kunitembelea, ale samaki wetu, migebuka, kisha arudi peke yake.

Nimeandika haya mimi kaka yako, Amisi, kwa mkono wangu na kwa akili timamu. Sitarudi.