Kwa Mama Moelagi, Uliyeingia Chini ya Mkeka

Mama Sulieti wa nyumba ya pili bado anawaambia watu kwamba asubuhi ile wewe na kaka yako mlilia chini ya mkeka mpaka mkeka ukalowa. Anasema alisikia kwa masikio yake mwenyewe, amesimama penye tangi lake la maji na ndoo mkononi. Hatubishani naye, maana ni jirani mwema na ndiye aliyekuosha siku ya mwisho. Lakini sisi tulikuwa karibu zaidi, Mama. Mlikuwa mnacheka.

Mwaka umetimia sasa tangu Jumanne ile ulipotutoka, huku kwa ndugu zake Baba, juu ya mawe meusi ya volkano, mbali na kijiji chenu. Tunakuandikia kwa upendo. Tunakuandikia pia kwa sababu jambo lile moja ulilotuomba bado hatujaweza kulitimiza. Uliomba ulazwe kando ya mama yako, mbele ya nyumba ulimozaliwa. Mpaka leo umelala ugenini.

Ulikuwa mtu wa mikono. Ukikaa kusuka, vidole vilikwenda vyenyewe na kinywa kikaenda njia yake, mara wimbo, mara mzaha kuhusu kiuno cha Baba. Hakuna aliyepita barabarani saa ya chakula usimwite aje kula, hata yule uliyejua hatakuja. Ulituambia kuita ni kazi yetu, kuja ni kazi yake.

Sala ile ya kuimba na kupiga makofi ulirudi nayo kutoka kisiwa cha Upolu, ulikokuwa unamuuguza Baba hospitalini. Kitanda cha pili alilala mgonjwa mwingine, na mkewe alikuwa akimwombea huku anaimba na kupiga makofi polepole. Baba alipona. Mume wa yule mama hakupona, na yule mama akaendelea kuimba, machozi yanamtoka. Hilo ndilo lililokushika. Ulisema ulikuwa umekwenda kanisani maisha yako yote umevaa nguo nyeupe na kofia, na hukujua kwamba mtu anaweza kumfurahia Mungu siku mambo yameharibika.

Basi zikaanza Jumatano za nyumbani kwetu. Mlikuwa watano, mkawa tisa. Wazee wa baraza wakasema kijiji kimoja, kanisa moja; hivyo ndivyo babu zao walivyoagana. Na aliyekaa mbele katika baraza hilo alikuwa kaka yako wa tumbo moja, Mjomba Tauvasa.

Kwetu kaka hamsemeshi dada yake kwa ukali, kwa hiyo alimtuma mkewe. Mke wa Mjomba alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuomba angalau mshushe sauti. Ukamjibu kwamba unampenda kaka yako, na Jumatano ijayo mtaimba chini chini. Kweli mliimba chini chini, ubeti mmoja. Ubeti wa pili ulisikika mpaka bandani kwa mchungaji. Nyumba zetu hazina kuta, Mama. Ungewezaje?

Wiki ile ile baraza likatoa hukumu: familia yetu iondoke kijijini, na nyumba iangushwe.

Vijana wa kijiji walikuja asubuhi na shoka na kamba. Walikuta umeshafunika tanuri la mawe, chakula kikiwa ndani, na tanuri likishafunikwa halihamishwi. Walisimama hawajui waanzie wapi. Uliwatandikia mikeka.

"Kaeni mle kwanza, wanangu," uliwaambia. "Nguzo hizi ni nzito, alizichagua baba yangu mwenyewe. Hamtaziweza na njaa."

Walikula macho chini, magimbi na samaki na majani ya magimbi kwa tui. Mmoja akaomba aongezewe. Walipomaliza, wakanawa, wakaangusha nyumba. Ulipanda nyuma ya gari pamoja na mikeka na sufuria, ukaanza kuimba. Baba kwa aibu alikuomba unyamaze, maana watu wote wametoka kutazama. Ukamwambia, "Peniamina, kama wanatazama, basi na wasikie."

Huku tulikofika hakuna udongo wa kutosha hata kuzika mbegu. Tulikaa siku nzima juu ya mizigo yetu. Wewe ukaenda ukakanyaga yale mawe, ukayagusa kwa kiganja, ukarudi unasema Bwana amekupa uwanja wa kuanikia majani ya mkadi ya kusukia, ambao mwanamke yeyote wa kisiwa chetu cha Savaii angeutamani, maana mawe haya hushika joto mpaka jioni. Na kweli, mikeka uliyosuka huku ilikuwa myeupe na laini kuliko ya zamani. Udongo tulibeba kwa vikapu kutoka chini kwenye kijito, kikapu baada ya kikapu, na wewe ukihesabu kwa nyimbo: nyimbo tatu kwenda, nne kurudi.

Hatutaki watu wadhani furaha yako ilikuwa ya mtu asiyejua uchungu. Wiki ya pili, baragumu la sala ya jioni lilipopigwa kijiji cha jirani, mimi Fuatino nilikuona umeshtuka na kuinuka, kama vile ni letu. Kisha ukakumbuka ulipo. Ulilia, Mama, uso umeuficha kwenye kanga. Nilikaa karibu yako. Baadaye ulijifuta, ukaanza zaburi kwa sauti iliyokatikakatika, na ulipofika mwisho wake sauti ilikuwa imepona. Nilijifunza pale kwamba furaha ile hukuokota njiani. Ulikuwa unaichota kila siku kama maji.

Miaka miwili ikapita. Tukasikia mguu wa Mjomba umevimba, umeota kidonda kisichofunga. Kijiji kikasema ni manung'uniko yako. Kinywa cha dada kinaogopwa kwetu. Dada akimlalamikia kaka yake kwa Mungu, shamba halizai na mwili haupoi. Wapo waliongoja useme neno, na wengine huku walikushauri useme. Wakati huo wewe mwenyewe ulikuwa umeshaanza kukonda. Ulimwita dereva wa basi, ukampa mkeka mpya ampelekee, na ujumbe ukamfanya aurudie mara mbili asije akakosea.

"Mwambie kaka yangu sijawahi kumsema vibaya kwa Mungu, hata siku moja. Mguu huo si mimi, ni sukari. Aende hospitali."

Akaenda. Mguu ukabaki, vidole viwili vikakatwa. Na baada ya hapo ikaja asubuhi ile anayoisimulia mama Sulieti.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Mwanao Lameko aliwaona wa kwanza, watu kumi na wawili wamekuja kwa miguu kutoka barabarani, na nyuma yao wawili wamebeba kuni na mawe. Akadhani wamekuja kutuangushia na nyumba hii. Akachukua panga akasimama mbele ya nyumba. Hakuona kwamba aliyetangulia anachechemea. Hakuona mkeka mpaka Mjomba alipoketi chini, juu ya mawe makali, akajifunika nao kichwa na mwili, na wale wengine wakaketi nyuma yake wameinamisha vichwa. Kuni na mawe walivitua pembeni. Ni desturi ya anayekuja kuomba msamaha: mkitaka kutupika, vifaa hivi hapa.

Lameko hakuweka panga. Alisema amengoja siku hiyo miaka miwili, na desturi hiyo hiyo inampa haki. Sote tulikuangalia wewe kitandani, maana kosa lilikuwa lako kulisamehe. Ungekaa kimya mpaka adhuhuri, yeye angebaki pale juani na kile kidonda, na hakuna ambaye angekulaumu.

"Mama, sema neno moja tu," Lameko alisema.

"Lameko mwanangu," ulimjibu, "weka panga, ukatafute majani ya kufunikia tanuri. Mjomba wako hajanywa hata chai."

Ukaomba tukuinue. Tulidhani unakwenda kuuondoa mkeka, kama afanyavyo anayesamehe. Ulipofika ulikuwa huna nguvu ya kuunyanyua. Ukainama, ukainua pembe moja, ukaingia chini ukakaa naye.

Tulisimama kama miti. Tukasikia sauti yake, kisha yako, kisha kicheko. Tulipokuuliza baadaye, ulisema alikuuliza kama ni kweli vijana wake walikula kabla ya kuangusha nyumba. Ukamwambia walikula na mmoja akaongezewa. Mengine mliyosemezana hukutuambia, na yeye pia hatuambii. Lameko alileta majani.

Uliishi wiki sita baada ya siku hiyo. Hatukuwahi kukuona na amani kama ile, nawe uliijua amani. Jioni ya mwisho ulituomba lile jambo moja. Mjomba alikuwepo, akasema, "Dada, nitakurudisha." Lakini fundo lililofungwa na wengi halifunguliwi na mmoja. Alikwenda barazani siku ile ile ulipofariki, akasema mbele ya wenzake kwamba yeye ndiye aliyekosa. Wazee wakajibu kwamba wamesikia. Ruhusa hawakutoa. Tukakuzika huku, tukaacha kaburi bila saruji, maana tulitumaini si la kudumu.

Baba anakusalimu. Ameanza kuimba, vibaya, lakini anaimba. Jumatano bado zipo; tuko kumi na sita, na mke wa Mjomba huja na basi la mchana. Eseta amejifungua msichana na amempa jina lako.

Wanaokukumbuka kwa upendo na kumshukuru Mungu kwa maisha yako ni mumeo Peniamina. Watoto wako Eseta, Lameko na Fuatino. Wajukuu wako, pamoja na Moelagi mdogo. Wenzako wa sala. Majirani wote wa huku, mama Sulieti akiwa mbele yao. Na kaka yako Tauvasa na mkewe, walioomba majina yao yaandikwe pamoja na yetu. Maadamu tuna pumzi, Mama, hutatoka mioyoni mwetu.

Kwa wazee wa baraza. Barua yetu ya kwanza tuliileta mwezi wa pili baada ya msiba, ya pili wakati wa Pasaka, na hii ndiyo ya tatu. Hatudai nyumba wala shamba. Mahali pameshapaliliwa, upande wa kulia wa bibi yetu. Tunaomba kwa unyenyekevu mtujibu: je, tunaweza kumleta?