Karoti Ulizopanda Wewe

Mama, shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa mlangoni, halafu nikabaki nasikiliza kama mjinga.

Nakuandikia haraka maana dalali anapanda na gari leo na sijui nimjibu nini. Karoti zako zimekomaa, zile ulizozipanda mwenyewe shamba la juu kabla hujaugua ukatuacha. Ameshakuja, nikamwambia kesho. Akaja tena, nikamwambia kesho. Baba mdogo anasema zikikaa zaidi zitapasuka ziwe ngumu kama kuni, na anasema kweli. Mimi si mbishi, Mama. Nashindwa tu.

Unakumbuka utotoni nilivyokuwa nang'oa karoti kuangalia kama zimekua? Ulinikamata nina udongo mpaka puani: "We Mwanaidi! Unazing'oa uzione, ukishaziona utazirudishaje?" Tulicheka. Sasa mtu mzima nimeanza tena. Kila asubuhi nang'oa, natazama, nasema bado. Tuta zima limekwisha hivyo. Nikisema nivune, moyo unakwenda mbio, naona bei itapanda kesho nichekwe. Nikisema niache, naona mvua inaziozesha. Siku nyingine sioni chochote, nalala nimegeukia ukuta, hata kuchagua chai au uji kunanishinda.

Nesi wa zahanati hakunicheka. Alisema ni ugonjwa, unaitwa sonona, na wasiwasi umeingia humo humo; ukiwa nao kila njia unaiona ina shimo. Akaniambia niwe narudi kwake, na nisiamue mambo yote kwa mkupuo, nianze na moja dogo. Kisha akauliza: "Hizo karoti, hasa unaogopa nini?"

Nililia pale pale. Si bei, Mama, wala si mvua. Zikitoka hizo, ardhini hapabaki kitu ulichokipanda kwa mkono wako.

Basi. Honi inalia kule chini barabarani. Baba mdogo ananiita. Nimeamua hilo moja dogo: karoti ya kwanza nitaing'oa mimi, na dalali nitamwambia ndiyo kabla moyo haujanigeuka. Zahanati nitarudi, nakuahidi. Na lile tuta nililolimaliza kwa kuchungulia nitalipanda upya, kisha niziache zikue.

Lala, Mama wangu. Nakwenda kuzing'oa, na safari hii sitafuti namna ya kuzirudisha.

Mwanao,
Mwanaidi