Gari la Harusi

Mjukuu wangu Kiprono,

Tunakusalimu kutoka Mogogosiek. Nyanya yako ni mzima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama ununue lile gari la mbio la zamani kutoka Japani. Mimi nilinunua la namna hiyo ili nimbebe nyanya yako siku ya harusi, na bonasi yote ya mwaka niliyolipwa kwa majani chai yangu ikaishia hapo. Baada ya miezi miwili pampu ya mafuta iliharibika. Fundi wa Kaplong alisema kipuri kiagizwe ng'ambo, nami ikabidi ningoje bonasi nyingine. Siku ya harusi kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha gari hilo, na bibi arusi alifika kanisani kwa lori la majani chai.

"Niliambiwa naolewa na mtu wa gari," alisema. "Kumbe ni gari la kuku."

Kwa hiyo, kwanza muulize fundi vipuri vinapatikana wapi, kisha weka kando fedha za matengenezo ya mwaka mzima. Zikiwapo, linunue.

Nyanya yako anasema ukija nalo Krismasi, atakaa mbele. Langu nililiuza kabla hajalipanda.

Babu yako