Kuku Ndani ya Eda

Jumatatu, 6 Februari 1956
Nimefagia stoo tena. Vumbi la miaka kumi halitoki kwa siku moja. Pua imeziba, viganja vimechubuka. Eda hainikatazi kufagia.

Magunia matupu, kamba, mizani mbovu. Vyote vya marehemu mume wangu, kwa hiyo ni vya warithi wote. Bi Mize atampelekea shemeji. Bi Mize ni jirani yangu, mjane wa siku nyingi. Macho yake yamepungua nuru lakini kutembea hachoki. Mimi sitoki nje mpaka mwezi ujao, basi sokoni na kwa watu ananiendea yeye.

Jumatano, 8 Februari
Shemeji Suleiman amekuja. Ni mdogo wake marehemu. Amesimama nje ya mlango, mimi nyuma ya pazia, kama kawaida. Kanishukuru kwa vitu. Maskini, anadhani namsafishia yeye.

Anataka kuikodisha stoo kwa mfanyabiashara wa nazi. Atatoboa mlango wa uchochoroni, na wachukuzi watateka maji kisimani kwangu. Yaani wanaume wapite uani mwangu kutwa. Nyumba hii ni yangu, nimeirithi kwa baba. Stoo aliijenga mume wangu humu uani, na mimi sikumzalia, ndiyo maana ndugu yake ana fungu ndani yake. Najua sheria. Sikatai fungu lake. Nakataa wachukuzi.

Siku ya tatu ya msiba yeye ndiye aliyenisomea masharti ya eda, utafikiri nimezaliwa jana. Asiye maharimu, yaani mwanamume anayeweza kunioa, asitie mguu ndani. Vizuri. Na yeye si maharimu wangu.

Jumamosi, 11 Februari
Nimepaka chokaa kuta zote. Macho yanawasha. Dirisha nimeligongomea wavu wa chuma, kidole gumba kimepigwa nyundo mara mbili. Fito za kulalia kuku zimekaa upogo. Zitakaa hivyo hivyo.

Masanduku ya chai manne yatakuwa viota. Nimeyapanga pembeni, pale nilipotaka mimi. Bi Mize akasema pana giza. Nikamwambia kuku hasomi gazeti.

Jumanne, 14 Februari
Kuku wamefika. Sita, hawajapevuka bado. Bi Mize anaapa wote mitetea. Ningeweza kwenda sokoni ningewashika mwenyewe mmoja mmoja. Nimewapa chicha za nazi, wamegombana kama mawifi.

Nimefurahi. Naandika wazi: nimefurahi, na sioni haya.

Jumapili, 19 Februari
Maneno yameanza. Mjane mzima anapiga nyundo badala ya kushika tasbihi. Nashika tasbihi. Nyundo naishika baada ya swala.

Jumatatu, 27 Februari
Balaa. Mitetea miwili ya Bi Mize ni majogoo.

Shemeji alikuwa mlangoni ananieleza habari za mpangaji wake. Jogoo mmoja akawika. Wa pili akamjibu. Shemeji akauliza:

"Shemeji, nnasikia kuku?"

"Naam."

"Wako wapi?"

"Stoo."

Alinikemea mpaka jirani wa juu akafungua dirisha. Nikamwambia stoo ihesabiwe katika robo yangu ya urithi, mikarafuu ya shamba la marehemu wachukue wao wote. Sitaki hata mche mmoja. Akasema mwanamke hachagui. Nikamwambia aingie basi awatoe kuku kwa mkono wake. Hakuingia. Alijua watu wanasikiliza.

Bi Mize ameomba radhi. Nimemwambia majogoo hawauzwi wala hawachinjwi. Wawike.

Alhamisi, 1 Machi
Asubuhi nilisikia tindo kwenye ukuta wa nyuma. Shemeji ameleta fundi uchochoroni, watoboe kwa nje. Chokaa niliyopaka kwa mikono yangu ikaanza kudondoka juu ya masanduku. Kuku wakapiga kelele nyumba nzima.

Nikasogea karibu na ukuta, nikasema kwa sauti ya kutosha:

"Fundi, nyuma ya jiwe hilo pana mjane yumo edani. Ukitoboa, utaniona."

Tindo likanyamaa. Nikamsikia fundi anauliza, "Kweli, bwana?" Fundi akasema astaghfirullah, yeye ukuta huo haugusi, na akakusanya vyombo vyake.

Baadaye nilikaa chini kwenye pumba nilizowatandikia kuku.

Jumatano, 7 Machi
Kesho natoka eda. Wenzangu wote wanangoja siku hiyo kwa hamu. Mimi naiogopa. Pazia halitanilinda tena, na fundi hatakuwa na sababu ya kukataa. Nimepiga misumari mipya kwenye mlango wa stoo, najua haisaidii kitu.

Alhamisi, 8 Machi
Wamekuja shangazi na Bi Mize. Nimeogeshwa, nimevishwa nguo mpya, nimefukizwa udi. Nimetoka mpaka pwani na kurudi. Jua kali. Kila niliyempita nilimwamkia mimi kwanza, nikimtazama usoni.

Jumamosi, 10 Machi
Shemeji alikuja baada ya alasiri. Alipiga hodi. Nilijitanda buibui langu nikamkaribisha uani, shangazi amekaa kando. Hakuja na fundi.

Alisimama mlangoni mwa stoo, akaangalia fito, wavu, kuku. Akaangalia pembeni kwenye masanduku.

"Hapa ndipo tulipomwosha kaka," akasema.

Ndiyo. Ufuo wake, shimo la maji ya kumwoshea, ulichimbwa pembeni pale, na baadaye nikaufukia mwenyewe. Sikuliandika hili hata humu.

"Ndipo," nikamwambia. "Sitaki wachukuzi wapakanyage."

Alijifuta uso kwa kilemba. Akasema hakukumbuka, siku ile alikuwa hajijui. Namwamini. Akasema stoo itahesabiwa katika robo yangu, atamwambia kadhi mwenyewe. Nikamjibu asante. Sikumwambia zaidi, wala sikumwomba radhi kwa lolote.

Alipoondoka nililia, mara ya kwanza tangu msiba. Shangazi aliniacha. Halafu nikaenda kuwatilia kuku maji.