Jina la Kukaa Katikati

Kingerikiti,
Kupitia Mbinga.
9 Aprili 2024

Mwanangu mpendwa Lidia,

Marahaba, maana najua ukiifungua tu barua hii utaniamkia kabla ya kusoma. Unaendeleaje na uzazi? Maziwa yanatoka vizuri? Mgongo umeacha kuuma? Kunywa uji wa moto hata kama jua la huko Mwanza ni kali, wala usikimbilie kufua nguo nzito. Na huyo mgeni wetu, analala? Natamani kujua anafanana na nani, kwa sababu ile picha uliyotuma kwenye simu ya mama yako mdogo Restituta imeonyesha kofia kuliko sura.

Mimi ni mzima, ila goti la kushoto lina siku zake. Mvua ni nzuri, maharage yamechanua, kahawa imeshika. Mbuzi alizaa mapacha, mmoja hakuishi.

Ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, mwaka huu nimechimba chache. Kazi yenyewe unaijua: mwanaume afyeke na kuyapanga majani, mwanamke afuate na jembe ayafukie. Sasa nafyeka mwenyewe, napanga mwenyewe, kisha nageuka na kujifuata mwenyewe. Jirani yetu Stanslaus alikuja siku moja kunisaidia. Aliyapanga majani ovyo ovyo, si kama baba yako, nami nikamshukuru na kumpa togwa. Alipoondoka niliyapanga upya.

Nisikufiche, Lidia, upweke umenishika. Mwaka umepita tangu tumzike baba yako na bado nasonga ugali wa watu wawili. Unaobaki nawapa kuku, na siku hizi wamenenepa kuliko mimi.

Sasa nije kwenye lile ulilonipigia simu. Ulisema jina la kwanza umeshachagua, ni Jeideni, ila katikati pamebaki wazi, kwa kuwa mwenye haki ya kukaa hapo amekwenda zake na hataki kusikia habari zenu. Ukaniomba nikutafutie jina linaloendana na Jeideni. Nilisikia sauti yako imebadilika, ndiyo maana sikukuuliza mengi.

Hilo Jeideni lenyewe limenipa kazi. Ulimi wangu wa Kimatengo umelizunguka wiki nzima ndipo likakubali. Katekista Tobias aliniuliza sikukuu ya mtakatifu huyo huwa lini, nikamwambia bado hajafa. Basi nikawa nayajaribu majina kwa sauti huku napalilia. Jeideni Sixbert ni kama mtu anapiga chafya. Jeideni Stanslaus ni refu mno, mpaka ulimalize mtoto ameshafika mtoni. Jeideni Urbani si baya, lakini nitakueleza kwa nini halifai.

Jina ninalolitaka ni la baba yako. Umeona, nimeandika "la baba yako" na lenyewe sijaliandika. Mama yangu alinifundisha kwamba mume haitwi kwa jina, nami nikalishika hilo. Kabla hujazaliwa nilikuwa nikimwita "wewe" au "mwenye nyumba". Ulipozaliwa nilishukuru mara mbili, kwa ajili yako na kwa kuwa nimepata la kumwita: Baba Lidia. Hata kaburini nilimlilia hivyo hivyo.

Sasa sikia kilichotokea. Kabla ya Pasaka nilikwenda kuandikisha nia ya misa ya kumkumbuka. Katekista alikuwa amesafiri, nikamkuta binti mgeni kutoka Liparamba, mpole tu. Akaniuliza jina la marehemu. Nikasema, "Baba Lidia." Naye akaandika. Dominika padre akasoma mbele ya watu wote kwamba misa ile ni ya kumwombea marehemu Baba Lidia, apumzike kwa amani. Mzee Urbani si unamjua, yule ambaye wewe na binti yake mlikuwa mkiitwa Lidia wa juu na Lidia wa bondeni? Alikuwa amekaa benchi la mbele na koti lake. Akageuka, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema taratibu mpaka kwaya ikasikia, "Jamani, mbona mimi nipo?"

Kanisa lilishindwa kujizuia. Hata padre aliinamia kitabu kwa muda. Tangu siku hiyo watoto wakikutana na Mzee Urbani wanampa pole kwa msiba wake, naye anaipokea. Ndiyo maana nasema jina lake tuliache, atadai tumempa mjukuu wetu ili kumfidia.

Mimi nami nilicheka mpaka nikafuta macho kwa kitenge, halafu nikaona machozi hayakomi. Misa ya baba yako ilikuwa imepita na yeye hakutajwa. Wadogo zake walimwita kaka, vijana walimwita mzee, na sisi wengine wote ni Baba Lidia, Baba Lidia. Jina alilobatizwa nalo limebaki kwenye msalaba wa kaburi, ambako mvua inaifuta rangi, na katikati ya jina lako wewe, unayelisaini kila siku huko shuleni unakofundisha bila kusita. Niliogopa, mwanangu. Niliona mtu anaweza kuondoka mara ya pili, na safari hii mimi mwenyewe nimefanya asahaulike kwa heshima yangu.

Najua utakachosema. Mtoto akiwa na jina la kati kama lako, atakayesoma cheti atadhani ni mdogo wako. Mwache adhani. Baba yako angekuwepo angempokea mlangoni na kumnyang'anya mikononi mwako kabla hujatua mzigo. Pale katikati panamfaa mtu ambaye asingekukimbia.

Najua pia kwa nini hujaja tangu matanga. Unaona aibu. Waliokuwa na la kusema walishasema wakachoka, sasa wanazungumzia bei ya mbolea. Aliyebaki anakusubiri ni mimi tu, na sina neno.

Ningeweza kukupigia simu, lakini jina hilo lingenikwama kooni. Barua hii atakuletea Adrian wa mjomba wako, ambaye safari hii lori lake linapeleka makaa ya mawe ya Ngaka hadi huko kwenu. Atakukabidhi na maharage, dagaa wa usipa kutoka Mbamba Bay, na kile kitenge cha kijani nilichokubebea wewe mgongoni. Kifue kwanza, kisije kikamwachia mtoto vumbi la makaa.

Mama yako mdogo Restituta anakusalimu, na Wilfred na Tereza, na Lidia wa bondeni, ambaye anasema baba yake hajambo kwa marehemu. Mungu akulinde wewe na mtoto, Bikira Maria awafunike kwa vazi lake, msiugue, msipungukiwe.

Nimalizie na hili. Juzi jioni nilisimama mlangoni, nikahakikisha hakuna mtu njiani, nikaliita kwa sauti, la kwanza na la katikati pamoja: Jeideni Placidi. Ulimi haukukwama. Yanaendana, Lidia, yanaendana vizuri kabisa. Nikaita tena. Kuku waliinua vichwa, kisha wakaendelea kula. Nikabaki pale nasubiri, mtu mzima na akili zangu, kama vile kuna wa kuniitikia.

Mlete aje aitike.

Akupendaye siku zote,
Mama yako,
Tadea wa Placidi