Bandama ya Yasmini

Kasulu Mjini,
9 Juni 2013

Kwako Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepoa, na mihogo uliyoanika imepata jua la kutosha huko Murungu. Sisi huku tunapumua, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Mkweo Saady anakusalimu sana. Anashinda dukani, lakini akili haijarudi. Mtu anaomba chumvi, yeye anampimia sukari. Mimi nakula nikilazimishwa.

Simu ninayo, Mama, lakini haya si maneno ya kusema huku salio linakatika. Nakuomba uisome mwenyewe, mahali ulipotulia. Usimpe mtu akusomee.

Ulipofika msibani ulikuta mjukuu wako amekwisha kuzikwa, na hukupata kusikia vizuri alivyotutoka. Yasmini alianza kwa kulalamika tumbo. Kila nilipomuuliza ni wapi, aliweka kiganja chini ya mbavu za kushoto na kusema panamvuta. Nilidhani ni gesi, kwa kuwa tulikuwa tunakula maharage kila siku. Jirani yangu Pelagia akasema ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Fundi cherehani wa pale barazani kwetu akasema ni vidonda vya tumbo. Hebu fikiria, mtoto wa miaka minne! Mama mkwe alimpapasa, akasema hiyo ni bandama, achanjwe chale pale pale juu ya uvimbe. Saady akakataa. Tukawa tunabishana, na mtoto anacheza, anachoka, anacheza tena.

Asubuhi moja akaamka mweupe. Viganja, ulimi, ndani ya kope, kote hakuna damu. Tumbo la kushoto limejaa na kuwa gumu. Saady alimpakata kwenye pikipiki, mimi nikawafuata mbio bila viatu. Hospitali tulipokewa na daktari mwanamke, mtu mzima. Alimbonyeza taratibu, akatueleza huku mikono yake inafanya kazi, kwamba upande ule una mambo mengi: mfuko wa chakula, kongosho, figo, utumbo, na hata pafu likiugua chini, maumivu huweza kusikika pale. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na ugonjwa wake wa kututajia. Lakini kwa Yasmini ilikuwa bandama kweli, nayo ilikuwa imeivuta damu yake na kuifungia ndani. Chale zisingesaidia kitu. Akapatikana mtu wa kumtolea damu. Ilikuwa imeanza kushuka kwenye mpira mwanangu aliponiuliza kama tutarudi nyumbani na pikipiki. Nikamwambia ndiyo. Hakuuliza tena.

Ya msibani unayajua, lakini niache niyaseme. Shangazi Kuruthumu, dada yake marehemu Baba, alitoka Kitanga akaja, akakaa kwenye jamvi karibu na mlango. Ulipomwona ulisimama ukasema mbele ya wanawake wote, "Wanangu wawili hawakumtosha, sasa amefuata wajukuu!" Shangazi akavaa kandambili zake, akaondoka bila kunywa hata maji. Mimi sikumzuia, maana ndivyo nilivyokuzwa nikijua: kwamba yeye ndiye aliyewaroga kaka zangu, Dadi na Nurudini, na ndiyo sababu Baba aliibomoa nyumba ya dada yake mwenyewe na kumfukuza Murungu.

Baada ya arobaini daktari alituita, mimi na Saady, akatupima damu. Yasmini alikuwa na selimundu, ile ambayo wengi huiita sikoseli. Mtoto huipata akichukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na mwenye nusu moja haumwi, anaweza kuzeeka bila kujua. Sisi wote wawili tunayo hiyo nusu. Kila mimba yangu itakuwa na hofu yake. Kisha akauliza kama kwetu kuna watoto waliokufa wadogo. Nikamweleza ulivyonisimulia wewe: macho ya njano, vidole kuvimba, kulia mifupa kila baridi ikiingia, na tumbo la kushoto. Akaweka kalamu chini. Alisema wewe na Baba mlikuwa kama sisi, na kwamba kaka zangu hawakurogwa na mtu.

Sasa nakwambia jambo nililofanya bila idhini yako, Mama. Nilikwenda Kitanga.

Nilimkuta shangazi anapukuchua maharage. Nikamweleza yote. Alimaliza kupukuchua ganda lililokuwa mkononi, kisha akasema, "Mwanangu, mwanzoni nilijua si mimi. Lakini watu wakisema miaka yote, na wewe unaanza kujichunguza. Nikasema labda ni jicho langu. Labda nilipowapakata niliwasifia kupita kiasi. Tangu nyumba yangu ibomolewe sijamshika mtoto wa mtu." Akaniomba nimtajie tena ule ugonjwa. Alijaribu kulitamka lile jina, likamshinda. Hapo ndipo akalia, Mama, akiwaita Dadi na Nurudini kwa majina yao, kama vile wamekufa asubuhi ile. Alisema hakupata kuwalilia. Angewalilia wapi?

Mimi sikulaumu. Ulizika watoto wawili na hakuna aliyekupa neno jingine la kushika. Lakini shangazi amezeeka, na kifua kinamsumbua. Anasema hawezi kukanyaga Murungu mpaka wewe umwite kwa kinywa chako. Nimemwahidi kwamba nitakuandikia. Sikumwahidi kwamba utajibu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani waliokuja kutupa pole. Mungu akupe afya, akupe na nguvu za kulibeba hili.

Ni mimi mwanao,
Mwanahawa