Mvua Aliyoiandika Valmai

Jumatatu, 5 Agosti

Nina miaka themanini na tatu. Nimewazika kaka zangu wawili, mbwa saba, na daktari aliyeniambia niache siagi. Ukame wa mwaka themanini na mbili ulinikuta, ukaniacha. Na mke wangu Valmai amenitangulia. Hapo sijivuni.

Shule niliacha darasa la sita. Lakini profesa gani amepima mvua miaka sitini na tatu? Mimi nimepima! Kila asubuhi saa tatu kamili, kipima mvua cha baba, kwenye nguzo nyuma ya banda la kukatia kondoo manyoya. Sijakosa siku. Wimmera nzima, wilaya yetu yote ya ngano, hakuna mwingine. Clarrie Petschel wa ng'ambo ya barabara anasema na yeye anapima. Aseme.

Sasa vitabu vyangu vimeingia chuo kikuu. Mjukuu wangu Tegan anasoma hesabu Melbourne. Miaka mitatu kamaliza, yuko wa nne, wanauita mwaka wa heshima. Nilidhani heshima unapewa tu. Wapi! Unapewa msimamizi mmoja na swali moja ambalo hakuna aliyelijibu, na mwezi wa kumi unatoa tasnifu. Ukipata daraja la kwanza, unalipiwa masomo ya udaktari, ule wa vitabu. Ukikosa, basi. Walianza kumi na mmoja. Wawili wameshatoka. Tegan yumo. Kichwa ni changu.

Swali lake ni mvua ya mashamba yetu, imebadilikaje. Jibu liko kwenye vitabu vyangu!

Daftari hili linakaa chini ya soksi. Si la kusomwa na mtu.

Jumatatu, 12 Agosti

Tegan alikuja Ijumaa. Kakonda. Nimemchomea mguu wa kondoo, kala sahani mbili, kisha kafungua kompyuta juu ya makombo.

"Babu, kwako Jumapili hainyeshi."

"Nani kasema?"

"Wewe. Miaka yote hiyo, hakuna tone Jumapili. Jumatatu sasa, inamwagika!"

Nikamwambia Jumapili ni ya Bwana. Baba hakugusa kipima, nami sigusi. Jumatatu nasoma ya siku mbili.

"Si ulisema hujakosa siku?"

"Utakosaje kazi siku isiyo ya kazi?"

Kacheka mpaka mbwa akabweka. Anasema linarekebishika, kuna hesabu yake.

Halafu akanionyesha mlima kwenye mchoro wa kompyuta. Mistari yote mifupi, katikati mmoja umesimama kama ghala la ngano. Agosti 1994. Milimita mia moja arobaini na nane. Sura nzima ya tasnifu imekaa juu ya mwezi huo.

"Msimamizi wangu, Daktari Ranasinghe, haamini. Anasema kituo cha serikali kilicho karibu, kilomita arobaini, kilikuwa kikavu. Nikamwambia mawingu ya kwetu yanachagua shamba. Na babu yangu hakosei."

Kisha akapapasa ukurasa wa kitabu chenyewe. "Na ni mwandiko wa bibi. Ona sita zake, kama konokono."

Nikaenda kuwatazama kondoo. Kondoo hawakuwa na shida yoyote.

Jumatano, 28 Agosti

Hainiachi. Naandika ili itoke.

Mimi nilisoma kipima, Valmai aliandika. Ndivyo tulivyogawana, kwa sababu mkono wangu ni wa shoka. Agosti ile alilazwa hospitali ya mjini na akaenda na kitabu cha mvua. Kila alasiri nafika, yeye kalamu mkononi. "Ngapi leo?"

Siku ya kwanza sifuri. Akaandika. Siku ya pili sifuri. Ngano yetu ilikuwa inakauka imesimama, na yeye anakauka kitandani, ananiuliza ngapi. Siku ya tatu mdomo wangu wenyewe ukasema, "Kumi na moja."

Uso wake! Siwezi kuuandika ule uso.

Basi nikaendelea. Sita. Kumi na nne. Tisa. Nilikuwa nachovya kofia kwenye pipa la maji kabla sijaingia wodini. Clarrie naye alikwenda kumwona, akaulizwa, akajibu bila kupepesa, "Kwangu kumi na mbili, Valmai, na bado inadondoka." Sikuwa nimemwomba.

Alifariki tarehe mbili Septemba. Ngano ile sikuivuna, niliwaachia kondoo. Kitabu nilikirudisha rafuni kama kilivyokuwa. Nifute mwandiko wake? Kwa raba gani?

Jumamosi, 14 Septemba

Chai kwenye ukumbi wa kanisa. Skonzi ngumu. Clarrie akanivuta pembeni.

"Mjukuu wako kanipigia simu. Eti kipima changu kiko chini ya mkalitusi?"

Nilimwambia Tegan hivyo Februari, alipotaka vitabu vya Clarrie pia. Nilimwambia majani yanakinga maji, asipoteze wakati.

"Mkalitusi ule ulianguka mwaka sabini na tisa, mzee muongo. Ulinisaidia kuukata!"

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia amuulize babu yake. Na ya Agosti tisini na nne akaniuliza. Jibu lilelile." Akapuliza chai yake. "Mimi na Valmai tulikubaliana imenyesha. Lakini kitabu changu hakikukubaliana na mtu."

Nikamwambia skonzi za mkewe zingefaa kujengea ukuta. Akasema ndiyo maana mimi nimekula tatu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tegan kapiga simu. Sauti ndogo. Hajalala vizuri wiki nzima. Alhamisi ya tarehe ishirini na nne anasimama mbele ya idara nzima kuieleza kazi yake, na kesho yake anatoa tasnifu. Ranasinghe kamwambia aiondoe Agosti ile au alete ushahidi mwingine. Kagoma.

"Nimemwambia, ukimkataa babu yangu, unikatae na mimi."

"Msikilize mwalimu wako, mwanangu."

"Wewe? Wewe umewahi kumsikiliza nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Babu, nimeuliza tu, ili niseme nimeuliza. Ilinyesha?"

Nikasema simu inakatika. Ilikuwa haikatiki.

Ana kichwa changu. Hilo ndilo tatizo.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimevuka barabara. Mara ya kwanza kuingia kwa Clarrie tangu ugomvi wa uzio. Nikamwambia naomba kitabu chake cha tisini na nne.

"Cha chini ya mkalitusi?"

"Hichohicho."

Akanifanya niseme tena, mbele ya mkewe, kwamba kipima chake ni kizuri. Nikasema. Kizuri kuliko changu? Nikasema usivuke mpaka, Clarrie.

Kitabu hakitoki nyumbani bila yeye. Sawa, aendeshe. Mimi barabara kuu wamenizuia, kwa ajili ya macho.

Alhamisi, 24 Oktoba

Melbourne. Mwendo wa saa nne na nusu ndani ya pikapu ya Clarrie, anaendesha kama anapanda mbegu. Tumetoka nikishasoma kipima, tumefika saa saba na nusu. Zamu ya Tegan ni saa nane.

Ukumbi wa idara uko ghorofa ya tatu. Nje kuna benchi. Alipotuona katoka mbio na karatasi zake. Kavaa kikoti cha bluu cha Valmai! Sikujua anacho.

"Babu! Umekuja kumnyamazisha Ranasinghe!"

"Kaa kwanza."

Nimemwambia. Yote. Kofia, pipa, kumi na moja. Na mkalitusi. Nilipanga maneno mazuri njia nzima, yakatoka mabaya. Kisha nikamwekea kitabu cha Clarrie mapajani.

Sasa anasoma, na mimi naandika, kwa sababu siwezi kumtazama. Kidole chake kinashuka. Sifuri. Sifuri. Ziko ishirini na saba — Jumapili hata Clarrie hagusi. Kafika tarehe kumi na tisa. Kafika mwisho. Karudi juu, kaanza tena.

Mlango umefunguliwa. Mwanamke mfupi, miwani kichwani. Ndiye Ranasinghe. Anasema, "Tegan, dakika tano."

Tegan hajainuka. Kafungua kitabu changu, ukurasa wa mwandiko wa Valmai, kaviweka vyote viwili ubavu kwa ubavu.

Anauliza polepole, "Bibi alisema nini, ulipomwambia kumi na moja?"

Nimemjibu. Alisema, fungua dirisha, ninuse.

Kachomoa kalamu kwenye nywele. Anaandika kitu pembeni mwa karatasi yake ya kusomea, sioni nini. Sijui ninayefutwa ni mimi au ile Agosti. Ranasinghe bado kashika mlango.

Nilivyoandika humu ndivyo ilivyokuwa. Anayebisha amuulize Clarrie Petschel, miaka themanini na moja, yule pale mwenye kofia, anayejifanya anasoma tangazo ukutani.